Pindo la Mama Salma

Kitabu chenyewe kina kurasa arobaini na mbili, jalada lina picha ya mwandishi wake, Stanley, amekunja mikono mbele ya ubao wa chess, na ukurasa wa kumi na tisa ndio ulionipandisha presha. Nilikuwa nimechuchumaa kwenye injini ya pikipiki ya watu, spana mkononi, binti Ikram akanisimamia mbele na kile kitabu akasema, "Mjomba Kefa, shikamoo. Acha kwanza hiyo kazi usome hapa." Nikafuta mikono kwenye suruali, nikasoma. Nilipomaliza niliirusha ile spana ikapiga mabati ya karakana, na mwenye pikipiki akaanza kuniangalia kwa wasiwasi.

Ukurasa umeandikwa hivi: "Shambulio la Stanley. Njia hii ya kuanza mchezo niliibuni mwenyewe baada ya utafiti wa kina. Mchezo wa mfano: Stanley, kete nyeupe, dhidi ya mchezaji wa kijiweni asiyejua kanuni, Mkonze."

Huo mchezo wa mfano naujua, kwa sababu nilikuwepo. Aliyeshika kete nyeupe hakuwa Stanley. Alikuwa Mama Salma, fundi cherehani, jirani yangu. Kete nyeusi alikuwa nazo mzee Hamidu. Stanley alikuwa amekaa kwenye kiti changu, anakunywa soda niliyomnunulia mimi. Utafiti wake wa kina ulikuwa huo.

Nieleze tangu mwanzo, maana nikiwa na hasira huwa naruka mambo.

Kijiwe chetu kipo Mkonze, hapa Dodoma, kwenye uwazi kati ya karakana yangu ya pikipiki na kibanda cha Mama Salma cha kushonea. Zamani palikuwa pa drafti tu, kete zetu vizibo vya soda, ubao tumechora wenyewe kwa rangi iliyobaki kwenye tangi la pikipiki. Mama Salma ni Mrangi wa Kondoa. Alikuja mjini kumfuata mumewe, mume akafariki, akabaki na binti yake na cherehani. Drafti alifundishwa na kaka zake akiwa msichana, na pale kijiweni alitufunga sote bila kuacha kazi. Anashona, anageuka, anasukuma kete, anageuka tena kwenye nguo, na wewe umebaki unaangalia ubao unajiuliza nini kimekupata. Wanaume waliopita njia walikuwa wakinicheka mimi Mgogo mzima nafungwa na mwanamke mwenye futi shingoni. Niliwaambia wakae wao. Walikaa, wakafungwa.

Wakati reli mpya inajengwa, fundi mmoja wa kambini alipanga chumba cha uani kwa Mama Salma. Alikuwa na seti ya chess ya plastiki. Jumapili mbili alikaa nasi akatufundisha kila kete inavyotembea na inavyokula, kisha kampuni ikamhamishia mbele huko, akatuachia seti yake kama zawadi. Hakutuambia kama kula ni hiari, kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Nani angeuliza? Kwenye drafti kula ni lazima. Na kijiweni kwetu tulikuwa na sheria nyingine juu ya hiyo: ukiwa na njia mbili za kula, unakula kubwa. Tukazihamishia sheria zote mbili kwenye chess, tukacheza hivyo miaka miwili kwa moyo safi kabisa.

Chekeni. Hata mimi nilikuja kucheka baadaye. Lakini angalieni kilichotoka humo. Kama kula ni lazima, basi anayelisha ndiye anayeongoza mchezo, na Mama Salma aliliona hilo kabla yetu sote. Alianza kutulisha askari, wale wadogo wa mstari wa mbele. Unakula askari, kumbe umetoka kwenye nafasi yako. Kisha akaanza kulisha farasi. Siku moja akamlisha Hamidu malkia, kete kubwa kuliko zote, na tukadhani macho yamemchoka kwa kushona.

Hapo ndipo ilipozaliwa ile njia. Nitaieleza polepole kwa asiyecheza. Mwenye kete nyeupe anatoa farasi mapema na anamweka askofu wake mahali pa kumtazama mfalme wa mwenzake. Mwenye nyeusi naye anatoa farasi wake, kisha anamleta askofu hadi amkazie macho farasi mweupe, na nyuma ya farasi huyo, kwenye mstari uleule, amekaa malkia. Kila mtu anajua farasi hapo haondoki, maana akiondoka malkia analiwa. Mama Salma akamwondoa. Farasi akaruka katikati ya ubao akala askari, malkia akabaki wazi. Sasa mwenye nyeusi ana milo miwili mbele yake. Anaweza kumla malkia kwa askofu, au kumla yule farasi kwa farasi wake. Kwa sheria ya kijiwe anakula kubwa. Akishamla malkia tu, askofu mweupe anapiga mbele ya mfalme, mfalme anasogea hatua moja, farasi wa pili anaingia, na mfalme amekosa pa kwenda. Hamidu alibaki ameshika malkia mweupe mkononi, mchezo umekwisha, na yeye ndiye aliyeshiba.

Kwa mwaka mzima hakuna aliyepona kwenye njia hiyo. Halafu akaja Ikram.

Ikram ni mwanafunzi wa chuo. Alileta sketi ipunguzwe, akasimama kutuangalia, akauliza kwa adabu kabisa, "Samahani, mbona huyu mzee analazimishwa kula?"

"Kula ni lazima," Hamidu alimjibu.

"Kwenye chess si lazima, babu. Ukipenda unakula, usipopenda unaacha."

Hamidu aliendesha malori miaka thelathini, Dodoma hadi Singida, Dodoma hadi Iringa, na hapendi kuambiwa barabara. "Si lazima kwa nani?" akauliza. Ikram akatoa simu, akatuonyesha kanuni zenyewe. Tulizisoma kwa zamu. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Hamidu alisema yeye amejifunza kula ni lazima na atakula mpaka azikwe, na kweli hadi leo ndivyo anavyocheza. Mama Salma hakucheka. Alichukua sketi ya Ikram akaanza kuipima, na siku ile hakurudi kwenye ubao.

Nilijua kwa nini. Njia yake ilikuwa imekufa palepale. Kama kula kubwa si lazima, mwenye nyeusi anamwacha malkia, anamla farasi kimyakimya, basi. Na balaa zaidi ni kwamba farasi mweusi akishakaa hapo katikati, anamlinda na askofu wake. Huwezi kumgusa yeyote. Umetoa farasi, umepata askari mmoja, na umeonekana mjinga.

Mtu mwingine angeitupa. Mimi ningeitupa. Yeye alikaa nayo miezi minne. Kila mchana wateja wakipungua alipanga kete, akacheza pande zote mbili, akarudisha nyuma hatua moja, akajaribu nyingine. Nilimwambia, "Mama Salma, achana nayo, njia ziko nyingi." Akaniambia nguo ikikosea mshono haitupwi, inafumuliwa mpaka pale ilipoharibikia. Mimi nikarudi kwenye pikipiki zangu.

Kisha ikafika alasiri moja ya upepo, ule upepo wetu wa Dodoma wa mwezi wa nane unaojaza vumbi hadi kwenye chai. Akaniita. "Kefa, tatizo halikuwa farasi wangu. Tatizo ni askofu wake amekaa mahali analindwa. Nikimsogeza kidogo tu, halindwi tena." Akachukua askari wa ukingoni kabisa, wa upande wa mfalme, akamsukuma hatua moja. Hatua moja tu, ya kumuuliza yule askofu mweusi anafanya nini pale. Askofu hataki kumwachia farasi, kwa hiyo anarudi nyuma hatua moja kwenye mstari uleule. Na hapo ndipo amekwisha. Sasa farasi mweupe akiruka, ukila malkia unafungwa vilevile, na ukila farasi, malkia anamfuata askofu wako kule alikokimbilia, maana huko hana wa kumlinda.

"Na asiporudi, akamla farasi mapema?" niliuliza.

"Namla na mimi kwa malkia, na sijapoteza kitu."

Ikram akaipeleka kwenye simu yake, na ile simu, ambayo siku hizi inacheza kuliko binadamu yeyote, ikaikubali. Mama Salma akaiita hatua hiyo pindo, kwa sababu iko ukingoni, ni ndogo, na bila hiyo kila kitu kinafumuka. Sisi tukaiita njia nzima Pindo la Mama Salma. Mtu mmoja tu alichezewa bila pindo, naye ni Hamidu. Kwa Hamidu halikuhitajika. Anakula kubwa daima, kwa nini upoteze hatua?

Mnaona sasa tunakokwenda.

Stanley alikuja Jumamosi moja mwaka juzi. Ni katibu wa chama cha chess hapa mjini, anafundisha watoto wa shule za kulipia, watu wanamwita Mwalimu. Alisema amesikia habari za kijiwe chetu. Nilifurahi kama mpumbavu. Nilimpa kiti changu, nikamnunulia soda, nikamwambia aangalie huyu mama anavyocheza. Tena mimi ndiye niliyemwomba Mama Salma aonyeshe njia yake, na aliyekuwepo mezani wakati ule alikuwa Hamidu. Wakacheza mara tatu, Hamidu akala malkia mara tatu. Stanley akaandika kwenye kidaftari. Akaniuliza, "Hivi huyu mama anaitwa nani?" Nikasema, "Mama Salma." Akatabasamu, akafunga kidaftari, akaenda zake. Hakucheza hata mchezo mmoja. Nililiona hilo na sikulifikiria.

Kwa hiyo Ikram alipoleta kile kitabu, nilivuka nacho kwenda kibandani. Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kwenda kumwambia Stanley nyumbani kwake, na mengine hayaandikiki. Mama Salma aliweka chini nguo ya harusi aliyokuwa akiitia shanga, akavaa miwani, akausoma ukurasa wa kumi na tisa. Akausoma tena kwa sauti huku kidole kinafuata hatua moja moja.

"Ameniita mchezaji asiyejua kanuni?" Hamidu aliuliza kutoka nje.

"Wewe ndiye uliyeitwa, mzee," nikamwambia. "Mama Salma hakuitwa chochote. Hayumo kabisa."

"Pindo liko wapi?" Mama Salma akauliza.

Nikachukua kitabu. Nikatafuta. Askari wa ukingoni hakusogea popote. Farasi mweupe anaruka moja kwa moja, malkia wazi, na chini yake Stanley ameandika: "Mwenye nyeusi hana budi kula malkia. Kula farasi ni hatua dhaifu." Hakuonyesha udhaifu wake ni upi. Hakuonyesha kwa sababu hakujua. Mtego wa kumtoa malkia upo vitabuni miaka mingi, kwa namna mbalimbali, na alipouona kwetu alidhani anaufahamu, hakuhangaika kuupima hata kwa ile simu anayotembea nayo. Alikuwa amenakili kosa la Hamidu na kuliita utafiti. Sheria ya kula lazima, ya vizibo vya soda, imechapwa kwa karatasi ya kung'aa.

Mimi nilitaka tuende siku ileile. Ikram akasema tusubiri, kwamba kitabu kinazinduliwa Jumamosi katika ukumbi wa hoteli moja mjini, mgeni rasmi atakuwepo, na kuna mashindano: anayejiamini ajiandikishe, ashike kete nyeusi, Stanley ashike nyeupe na kutumia Shambulio lake. Matokeo yatabandikwa ubaoni, na atakayemfunga jina lake litaingia kwenye toleo la pili.

"Niandikishe," Mama Salma akasema.

Jumamosi hiyo alifunga kibanda, jambo ambalo nimeliona kwenye misiba tu. Alivaa gauni la kijani alilolishona mwenyewe na mtandio mweupe. Mlangoni alikaa Raphael, refa wa chama, kijana mstaarabu mwenye karatasi nyingi.

"Jina, mama?"

"Mama Salma," nikajibu mimi.

"Ninaomba la kwenye kitambulisho."

"Batuli Uwesu," akasema yeye. Nimeishi naye ukuta kwa ukuta miaka kumi na moja, na jina la baba yake nililisikia mara ya kwanza pale mlangoni. Niliona aibu, lakini hasira ilikuwa kubwa zaidi.

Stanley alihutubia kwanza. Alieleza usiku mwingi aliokesha, vitabu vya nje alivyovisoma, ubunifu wa Mtanzania unavyoweza kwenda mbali. Mgeni rasmi akapiga makofi. Niliinuka nikasema, "Mwalimu, hiyo njia uliiona Mkonze." Watu wakageuka. Stanley akanitazama kwa huruma, ile huruma ya mtu aliyejiandaa. Akasema kwenye kipaza sauti kwamba mawazo ya mchezo ni kama hewa, kila mtu anavuta, lakini kitu kinakuwa cha mtu anapokiandika. "Kama mna karatasi za michezo yenu, zenye tarehe na saini, zileteni, chama kitazipitia." Sisi hatukuwahi kuandika mchezo wowote. Nani anaandika drafti? Nikaambiwa nikae, nikakaa.

Watano walicheza kabla ya Mama Salma. Wote walikuwa wamenunua kitabu mlangoni, wamesoma kwamba mwenye nyeusi hana budi kula malkia, wakala malkia, wakafungwa. Watu na elimu zao, wengine wa wizarani, hawalazimishwi na mtu, wamekula kubwa kama Hamidu. Hamidu mwenyewe alikuwa kando yangu akitikisa kichwa. "Sasa hawa na mimi tofauti yetu nini?" akauliza.

Raphael akaita, "Batuli Uwesu."

Alikaa. Stanley alimtambua, hilo naapa. Mkono wake ulisita juu ya kete ya kwanza. Lakini mgeni rasmi alikuwa mita mbili nyuma yake, simu za watu zimenyanyuliwa zinarekodi, na jalada lenye picha yake limebandikwa ukutani. Angeweza kucheza kitu kingine. Hakuthubutu kuliacha Shambulio lake siku ya kulizindua. Farasi akatoka, askofu akatoka. Mama Salma akamleta askofu wake mweusi kwenye ule mstari, mbele ya farasi, mbele ya malkia. Akasubiri.

Nilijikuta naangalia askari wa ukingoni. Msogeze, nilisema moyoni, na sijui kwa nini nilimwombea mwizi. Pengine nilitaka kuona kama anajua. Hakumgusa. Stanley akamrusha farasi katikati, akamwacha malkia wazi, akaegemea nyuma ya kiti.

Mama Salma hakuwa na haraka. Alinyoosha mkono kuelekea kwa malkia, na ukumbi ukaanza kuguna, kisha mkono ukampita malkia ukaenda kwa farasi. Akamla farasi. Akamweka pembeni taratibu.

Stanley aliangalia ubao muda mrefu sana. Niliona shingo yake inalowa. Alitafuta askofu wa kula, akakuta analindwa. Alitafuta pa kujificha, akapata, akapoteza askari, akapoteza ngome, na kwenye hatua ya thelathini na moja akamlaza mfalme wake mwenyewe kukiri kwamba amefungwa. Ukumbi ulilipuka. Hamidu alinikumbatia, na hatujawahi kukumbatiana. Mimi nililia, na sioni sababu ya kuficha.

Kisha Stanley akasimama na kipaza sauti. Nilidhani sasa atasema. Mtu yeyote mwenye damu ya binadamu angesema. Akasema, "Mabibi na mabwana, leo mama yetu ameonyesha tundu katika Shambulio la Stanley. Huo ndio uzuri wa mchezo. Katika toleo la pili tutamwandika kwa heshima zote: Batuli Uwesu, mtu wa kwanza kulivunja Shambulio la Stanley." Makofi yakawa makubwa kuliko mwanzo. Mgeni rasmi akasimama kumpongeza Stanley kwa ukomavu wake.

Raphael akamletea Mama Salma karatasi ya matokeo. Ameshinda, imeandikwa, na chini kuna mahali pa saini. Mama Salma akaisoma.

"Hapa kwenye maelezo umeandika nini, mwanangu?"

"Nimeandika kwamba umelivunja Shambulio la Stanley, mama."

"Andika kwamba hiyo njia ni yangu."

Raphael aliona haya. Akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye anamwamini, kweli kabisa, lakini hana mamlaka, kanuni zinataka ushahidi wa maandishi. Akasema asipotia saini mchezo hautahesabiwa. Anayeondoka mezani bila saini anahesabika ameacha mchezo, na pointi inakwenda kwa mwenzake. Akaomba atie saini tu, mambo mengine yazungumzwe baadaye.

Na mimi nilimwomba. Lazima niliseme hilo. Nilimwambia, "Mama Salma, saini. Angalau jina lako liingie. Watu waone umemfunga."

Akanigeukia. Sijawahi kumwona na hasira vile, na hakupaza sauti hata kidogo.

"Jina langu liingie kama nani, Kefa? Nimemzaa mwenyewe. Amekufa nikamfufua, miezi minne, wewe umeniona. Amechukuliwa, akapewa jina la mtu mwingine, akatolewa nje uchi, na leo nimelazimika kumuua kwa mkono wangu mbele ya watu. Sasa unataka nitie saini kwamba nimemuua mtoto wa Stanley."

Nikasogea kando kumpisha.

Akamrudishia Raphael karatasi na kalamu, akamshukuru, akachukua mtandio wake uliokuwa umeteleza begani. Hamidu akamfuata, na Ikram akamfuata, na Raphael akabaki ameshika karatasi. Niliwaambia watangulie. Nilitaka kuona kama mtu mmoja, mmoja tu katika ukumbi ule, atasimama.

Baada ya dakika kumi Raphael alibandika matokeo ubaoni. Mstari wa sita ulisomeka: Stanley, moja. Batuli Uwesu, sifuri, ameacha mchezo. Watu walipita, wakasoma, wakaenda kwenye chakula. Stanley naye akaja. Alisoma mstari ule, na nilikuwa karibu naye kiasi cha kusikia anavyopumua. Nilimsubiri aseme, au achukue kalamu, au hata aone haya tu aondoke. Alitazama kushoto na kulia, akatoa simu mfukoni, akaupiga picha ule ubao.